Mlisoma Chuo Pamoja, Sasa Mmestaafu: Nani Anajua Mwenzake Anaendeleaje?

Ukipata nafasi, muombe mzazi wako aliyestaafu akuonyeshe jumbe zake za pesa za mwezi mmoja hivi. Utaona tokeni za stima. Utaona ya mbolea, ya fundi wa paa, na ile ya mjukuu aliyeishiwa huko shuleni. Halafu katikati kuna majina ambayo hujawahi kuyasikia hata siku moja: 500 kwa huyu, 1,000 kwa yule, 300 tena kwa huyu wa kwanza. Ukiuliza ni nani hawa, jibu ni moja. "Huyo tulisoma naye chuo."

Sisi tunawajua watu hawa kwa sababu wanatupigia simu. Vijana hutuuliza mambo ya mikopo na mbona muamala umekwama. Mteja wa miaka 63 anauliza kitu kingine: "Nitajuaje kama huyu aliyeniandikia ni yeye kweli?" Au: "Mweka hazina wetu ameaga, pesa zetu ziko kwa laini yake, tufanye nini?" Tuliona maswali haya yanafanana, tukaamua kuyafuata mpaka yanakotoka. Yanatoka kwa marafiki wa zamani wanaojaribu wasipoteane.

Tuchukue walimu, maana ndio wengi. Umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma Kenya ni miaka 60 tangu 2009, ulipopandishwa kutoka 55. Kwa hivyo aliyezaliwa 1964 alifunga dawati lake 2024. Hicho ni kizazi kilichoingia vyuo vya ualimu katikati ya miaka ya themanini: Shanzu, Machakos, Eregi, Asumbi, Kigari, Mosoriot na kwingineko. Miaka miwili ya kulala bweni moja, kupanga foleni moja ya uji, kufanya mazoezi ya kufundisha mkiwa mnatetemeka pamoja. Kisha TSC ikawatawanya. Mmoja Kwale, mwingine Pokot Magharibi, wa tatu karibu na kwao, na huyo wa tatu wenzake walimwonea wivu kwa miaka kumi.

Hawakuwa na simu, lakini walijuana habari. Barua zilifika kwa S.L.P. ya shule. Tamasha za muziki na michezo ya shule ziliwakutanisha wakiwa na wanafunzi wao. Kusahihisha insha za KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, kulikusanya walimu kutoka kila pembe ya nchi, na wengi wanakumbuka zile jioni za baada ya kusahihisha kuliko insha zenyewe. Mikutano ya KNUT nayo haikukosa mtu wa darasa lenu. Na kulikuwa na redio. Matangazo ya vifo, enzi ya Sauti ya Kenya na baadaye KBC, yalisikilizwa kwa makini kushinda taarifa ya habari. Mtu alikuwa anakunywa chai, mara anasikia jina la aliyekuwa kitanda cha pili kutoka kwake.

Angalia kitu kimoja katika hayo yote: karibu kila mkutano ulikuwa na mtu mwingine wa kuugharamia. Shule ililipa basi la tamasha, baraza la mitihani likalipa wasahihishaji. Ukistaafu, hiyo inakatika siku moja. Kuanzia hapo, kumuona mwenzako ni nauli yako mwenyewe, na kutoka Malindi hadi Bungoma sio safari ya kwenda na kurudi na 1,000 mfukoni. Ndio maana sasa urafiki wa miaka arobaini umehamia kwenye simu.

Na kwenye simu kuna grupu ya WhatsApp. Tumeonyeshwa kadhaa. Zinafanana kama pacha: sala ya alfajiri, forwadi ya majani yanayotibu presha (tafadhali muone daktari), picha ya mjukuu aliyefuzu, kimya cha siku nne, kisha neno TANZIA kwa herufi kubwa na nambari ya kutuma mchango. Mama mmoja mstaafu alituambia, "Siku hizi tunajuana kwa matanga tu. Mtu akiwa hai hana habari." Tulicheka naye, lakini si mchezo. Sisi ni kampuni ya malipo, mchango ukitumwa tunapata chetu, na bado tunasema: pesa ikiwa ndio habari pekee inayopita kati ya watu, kuna mtu atapotea.

Anapotea hivi. Mchango ukitangazwa, orodha inaanza: 1, 2, 3, jina, kiasi, alama ya tiki. Kila anayetuma anaongezwa, orodha inanakiliwa tena, na kufikia jioni watu 40 wameona nani yuko na nani hayuko. Mara ya kwanza hukuwa na kitu, unanyamaza. Mara ya pili unatuma 200 huku wenzako wakituma 2,000, na 200 yako inakaa pale na jina lako. Mara ya tatu unatoka kwenye grupu. Na tangu 2022, mtu akitoka grupu ya WhatsApp, maadmini tu ndio wanaojulishwa. Wengine wanaendelea kusalimiana asubuhi wakidhani uko.

Admini wa grupu moja ya watu waliosoma pamoja Machakos alitusimulia jinsi alivyoona mwenzao ametoka. Alidhani ni simu imeharibika, akaacha kwa wiki mbili. Alipopiga, wakaongea mambo ya mvua na bei ya mahindi, karibu nusu saa. Ndipo yule mwenzake akasema, "Mwalimu, mimi niko kwa mashine ya figo mara mbili kwa wiki. Sasa nitachanga na nini?" Admini alimuuliza kwa nini hakusema. "Ningesema wapi? Kwa ile orodha?"

Baada ya hapo waliacha kuweka orodha. Mchango unaingia kwa nambari moja ya kikundi, na kinachotangazwa ni jumla: tumepata 46,300, zimepelekwa kwa familia, asanteni. Kuna waliolalamika, na tunawaelewa. Wazee wamechomwa na viongozi wa vyama mara nyingi, wanataka kuona majina. Lakini kuona hesabu na kuona umaskini wa mwenzako ni vitu viwili tofauti. Wacha watu watatu wawe na ruhusa ya kusoma taarifa kamili ya akaunti, na mwanachama yeyote akitaka kuhakikisha mchango wake aulize aonyeshwe. Inatosha.

Sasa turudi kwa lile swali la "ni yeye kweli?"

Wakora wanapenda sana wastaafu wa vyuo. Wanajua kuna kiinua mgongo kimeingia au kinakaribia. Wanajua pia nyinyi hamjaonana tangu miaka ya themanini, kwa hivyo sura hamzijui vizuri na sauti zimebadilika. Ujumbe huwa mfupi: nimepoteza simu, hii ndio nambari mpya, niko hospitali, nisaidie na 5,000 nitarudisha Ijumaa. Picha ni ya mwenzenu kabisa, imetolewa Facebook.

Usitume chochote kabla ya kupiga simu na kusikia sauti. Na ukishapata sauti, uliza swali ambalo Facebook haina jibu lake. Mlimuita nani yule mpishi? Kyubu yenu bwenini mlikuwa wangapi? Nani alianguka kwenye matope siku ya gwaride? Mtu wenu halisi atacheka kabla ya kujibu. Mkora atakata simu, au ataanza kulia. Baba mmoja alituambia yeye huuliza kwa makusudi kuhusu mwalimu mkuu ambaye hakuwepo, na anayesema "eeh, namkumbuka sana" anawekwa bloku hapo hapo. Sisi tumelipenda hilo kuliko mashauri yetu mengi.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa si la mwenzako, simama, hata kama anasema ni laini ya mkewe au ya mtoto wa dada yake. Na kuna hatari nyingine isiyo na mkora yeyote: nambari isiyotumika muda mrefu hurudishwa na mtandao ikapewa mtu mwingine. Ile uliyoandika kwenye daftari 2011 huenda sasa ni ya kijana wa bodaboda Kitengela asiyejua chuo chenu kilikuwa wapi. Ukituma kimakosa, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kabla ya kuanza kubembelezana na aliyepokea. Dakika zina maana sana hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha kunakuwa kugumu. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN. Akiuliza, si wetu.

Lililotusumbua zaidi ni hili la mweka hazina.

Karibu kila kikundi cha aina hii huanza kwa imani. Kuna mmoja ambaye tangu chuoni alikuwa anashika pesa za safari na hazikupotea hata ndururu. Basi anapewa kazi, na michango inaingia kwa laini yake binafsi, pamoja na pesa yake ya maziwa. Kazi inaenda vizuri miaka mitano, sita. Kisha yeye mwenyewe anaugua. Au anaaga usiku, na asubuhi wenzake wanataka kumchangia, na pesa za kumchangia ziko kwa simu iliyo mezani kwake, imefungwa kwa PIN ambayo ni yeye tu aliyeijua.

Wengi hudhani watakuja kwetu na kumbukumbu za mkutano na tutawapa. Hatuwezi. Kisheria, pesa iliyo kwenye laini ya marehemu ni sehemu ya mali yake. Familia ndiyo itakayoifuatilia, kwa cheti cha kifo na hati za mirathi, na hilo huchukua muda. Hata familia ikiwa na roho safi, itajuaje 87,000 zipi ni za baba na zipi ni za wenzake wa chuo? Tumeongea na wajane walioachiwa mzigo huo wakiwa bado wamevaa nguo za maombolezo, na na wazee wanaoona aibu kumuuliza mjane habari za pesa. Hakuna mwizi hapo. Ni mpango tu haukufanywa.

Kuna sababu nyingine ya hesabu tu. Laini ya mtu binafsi haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja mwisho ni 250,000. Hivyo ndivyo viwango tangu 2023. Darasa la watu 60 wakiamua kuchanga 10,000 kila mmoja kwa operesheni ya mwenzao, hiyo ni 600,000, na wa mwisho watarudishiwa pesa zao wakati hospitali inangoja.

Kwa hivyo fungueni akaunti ya kikundi. Andikeni katiba, hata ya ukurasa mmoja, chagueni viongozi, kisha mkajiandikishe katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo mliko wengi wenu. Kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inayoongoza jambo hilo. Mkiwa na cheti, mnaweza kuwa na akaunti ambayo pesa haitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja akubali. Wazee hulalamika kwamba ni makaratasi mengi. Ni kweli, lakini nyinyi ni walimu, mmejaza rejista miaka thelathini na tano.

Rejista ndiyo ilirudi kwa lile darasa la Machakos. Baada ya habari ya mashine ya figo waliandika upya majina yote ya darasa kama yalivyoitwa asubuhi chuoni, wakiweka alama kwa waliofariki. Kila mwezi wanashika herufi moja au mbili, na watu wawili wanapewa kazi ya kupigia simu kila aliye hapo. Si kuhusu mchango. Kikundi kinawatumia kredo ya 100 kila mmoja, ndiyo matumizi pekee ambayo hakuna aliyewahi kuyapinga mkutanoni. Wanauliza afya, watoto, ng'ombe, na kama nambari bado ni ile ile. Yule mwenzao wa figo amerudi kwenye grupu, na ndiye anayepiga simu za asubuhi siku ambazo haendi hospitali, kwa sababu anasema muda anao.

Mwezi ujao ni zamu ya herufi W. Wako saba. Sita wamepatikana, na wa saba mara ya mwisho alionekana Nakuru, kwenye kusahihisha insha.