Paka mzee akinywa maji kupita kiasi, usiseme ni uzee

Jamaa zetu wengi waliohamia Nairobi wanaishi Eastlands: Majengo ya Pumwani, ambako Waswahili wamekuwako tangu miaka ya 1920, Eastleigh, Buruburu, Umoja na Donholm. Walipohama walikwenda na mapenzi yao ya paka. Paka wa Majengo hulinda nyumba na panya. Wa ghorofani Umoja hushinda juu ya kochi akingoja kulishwa. Wote wawili huzeeka, na uzeeni kuna ugonjwa ambao watu wa nyumbani huuona kila siku wasiutambue. Ugonjwa huo ni kisukari.

Dalili ya kwanza iko kwenye bakuli la maji. Bakuli lililokuwa likimaliza siku nzima sasa limekauka kabla ya adhuhuri. Paka akikosa maji hapo, atanywa ya ndoo au ya bafuni. Mkojo nao huwa mwingi, na paka aliyekuwa msafi huanza kukojoa pembeni. Anakula kwa pupa lakini anakonda, mgongo unachomoza. Ugonjwa ukikolea, wengine huanza kutembea kwa visigino vya miguu ya nyuma badala ya vidole, kwa sababu neva zimeathirika.

Sababu yake ni hii. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoingiza sukari ya damu katika misuli na viungo. Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuisikia, sukari hubaki kwenye damu. Ikizidi kiwango fulani humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndipo kiu huja. Viungo navyo vinakaa na njaa katikati ya shibe, ndipo mwili unapokonda.

Wanaopatwa zaidi ni paka waliopita miaka saba, hasa madume waliohasiwa, wanene, wanaoshinda ndani. Paka aliyedungwa steroidi mara kwa mara kwa ajili ya mwasho wa ngozi pia yumo hatarini.

Wako watu wanaoondoa bakuli la maji ili paka asichafue nyumba. Hilo ni kosa la hatari. Paka huyo anapoteza maji bila hiari yake, na akinyimwa atakauka na huenda akafa. Sisi tuliolelewa na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula hatuhitaji kukumbushwa mara mbili. Acha maji, kisha mpeleke kwa daktari.

Daktari awe wa wanyama, aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, si muuzaji tu wa duka la agroveti. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo katika kitivo chake cha tiba ya mifugo huko Upper Kabete. Kipimo kimoja cha damu hakitoshi, kwa kuwa paka aliyeingiwa na hofu ndani ya matatu sukari yake hupanda hata kama hana ugonjwa. Daktari atapima mkojo pia, na akiweza atapima fruktosamini, inayoonyesha hali ya sukari kwa wiki mbili tatu zilizopita.

Paka wengi wenye kisukari hutibiwa kwa insulini, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Sindano yenyewe haitishi: sindano ni nyembamba sana, na hudungwa chini ya ngozi iliyolegea ubavuni wakati paka anakula. Wengi hawageuki hata kutazama. Kazi kubwa ni saa. Nairobi iko karibu na ikweta, na magharibi yake haisogei sana mwaka mzima. Aliyezoea kupanga siku kwa swala anaweza kushika saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Lakini anayetoka Umoja alfajiri kwenda kazini mjini, na jioni akakwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, hataweza peke yake. Ni lazima awepo mtu wa pili: mke, mume, kijana aliyetoka shule, au jirani wa mlango wa pili. Wote wafundishwe na daktari, na daftari liwekwe karibu na friji. Kila anayedunga aandike saa, kipimo, na kama paka alikula.

Daftari hilo huokoa maisha. Dozi moja ikikosekana, paka atastahimili hadi zamu inayofuata. Dozi ikirudiwa kwa sababu mmoja hakujua mwenzake ameshadunga, sukari inaweza kuporomoka. Ukiwa na shaka, usidunge. Na paka aliyekataa kula au anayetapika usimdunge kabla ya kumpigia daktari.

Sukari ikishuka mno paka hulegea, huyumba kama mlevi, au hupatwa na degedege. Kama anaweza kumeza, mpe chakula papo hapo. Kama hawezi, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, usimmiminie kooni, kisha mkimbize kwa daktari. Asali isikosekane katika nyumba hiyo.

Katika nyumba nyingi yuko pia mzee mwenye kisukari. Usichukue insulini yake ukampa paka kwa kukisia. Aina hutofautiana, na paka wengi huanza kwa yuniti moja au mbili tu. Bomba la sindano nalo lilingane na dawa: insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100 kwa mililita, ilhali baadhi ya zile za wanyama zina 40. Ukitumia bomba lisilo lake, unaweza kumpa paka dawa mara mbili na nusu zaidi ya alichoandikiwa. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uzirudishe kliniki. Jalala la mtaani lina watoto na wazoa taka.

Kuna wanaokata tamaa kwa sababu stima hupotea. Insulini huwekwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Lakini giza la usiku mmoja si mwisho wa dawa. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ulifuata joto lililopimwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini za binadamu zilizojaribiwa zilidumisha nguvu kwa wiki nne. Nairobi si Dadaab. Stima ikikatika, iweke dawa mahali pa kivuli penye ubaridi, mbali na jiko na dirisha, na umuulize daktari kuhusu aina uliyo nayo.

La mwisho ni sahani. Paka ni mla nyama, naye hupewa ugali kwa mchuzi, mkate uliochovywa maziwa, na makombo ya pilau. Kwa paka mwenye kisukari, wanga huo ni kuni juu ya moto. Kinachomfaa ni chakula cha kopo chenye protini nyingi. Mfuko ukiwa mdogo, kuku wa kuchemsha, firigisi, yai, au omena zilizooshwa chumvi vitasaidia, ila nyama tupu kwa muda mrefu humkosesha madini kama kalsiamu. Panga na daktari. Usibadilishe chakula ghafla paka akiwa kwenye insulini, kwa maana wanga ukipungua na dozi ikabaki ile ile, sukari itashuka mno.

Bidii hiyo ina malipo. Paka aliyegunduliwa mapema, akadungwa kwa saa na akalishwa ipasavyo, anaweza kufikia hali ya kutohitaji insulini tena. Si wote hufika huko, na waliofika hurudi kupimwa, kwani ugonjwa unaweza kurejea. Lakini kila mwezi unaopita tukisema "ni uzee tu" unapunguza bahati hiyo. Basi ukipiga simu Nairobi wiki hii kuwajulia hali jamaa, waulize pia paka wao anakunywa bakuli ngapi kwa siku.