Dakika Zilizookolewa Kigongo



Tangu tarehe 19 Juni 2025 safari ya kutoka Kigongo, hapa Misungwi, hadi Busisi, upande wa Sengerema, haidai tena subira. Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, hutuvusha ghuba kwa dakika chache. Zamani tulisubiri kivuko saa moja, pengine mbili na zaidi. Tulinung'unika, lakini tulikaa. Mama alimnyonyesha mwanawe, dereva alizima injini, na baadhi yetu tulitoa rozari mfukoni kwa sababu tu hapakuwa na la kufanya.

Hatutamani foleni ile irudi. Mgonjwa anayekimbizwa Bugando usiku hahitaji tafakari ya padre juu ya utulivu. Tunachouliza ni hiki: saa zilizookolewa zimekwenda wapi? Sisi mapadre tukiri kwanza. Safari ya Geita iliyokuwa ya siku nzima sasa tunaibana kati ya Misa ya asubuhi na kikao cha jioni, na Masifu ya Jioni tunayasali garini, simu ikiita.

Mwinjili Marko, katika sura ya 6, anasimulia kwamba Mitume walirudi kutoka utumeni wakakosa hata nafasi ya kula, kwa wingi wa watu waliokuja na kwenda. Bwana akawaalika mahali pa faragha, wakaondoka kwa mashua. Lakini walipofika, umati ulikuwa umekwisha kutangulia kwa miguu. Pumziko lao lote, basi, lilikuwa majini, kati ya pwani na pwani. Nasi tulikuwa na mashua ya namna hiyo bila kujua.

Sasa yatupasa kuitafuta kwa hiari. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, afundisha kuchunguza dhamiri kila siku, na huanza na shukrani kabla ya dhambi. Robo saa kabla ya kulala yatosha, simu ikiwa chumba kingine. Tusitazamie amani mara moja. Siku za kwanza hujitokeza ada ya mtoto, deni la VICOBA, na mara nyingi ugomvi wa zamani na ndugu wa damu. Hapo wengi huinuka na kuitafuta simu. Tunaoketi kitubioni twajua ugomvi huo: ndio usiotajwa, ingawa orodha ya dhambi ndogo ndogo huja ileile kila Kwaresima. Anayeweza kukaa nao usiku wa pili na wa tatu, akamwambia Mungu jina la ndugu huyo, amekwisha kuanza kurudi nyumbani.

Na aliye safarini asiseme hana nafasi. Daraja latosha kwa Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, zikisaliwa polepole. Dereva, bila shaka, asifumbe macho.