Siku ya Mama Mgeni Katika Soko la Nakasero

Wasomaji wengi wa gazeti letu wana mzazi aliye mbali kikazi, nasi tumezoea kusema "baba yuko Mwanza" au "mama yuko Kampala" kana kwamba habari imekwisha hapo. Akituma pesa twashukuru, zikichelewa twanung'unika. Lakini pesa hizo hutafutwaje, na kwa saa ngapi? Mama yangu ni Mhaya wa Bukoba, na huu ni mwaka wake wa tano wa biashara huko Kampala. Likizo ya Desemba nilikaa kwake, nami napenda kueleza siku yake ilivyo.

Nakasero ni kilima katikati ya mji, nacho kina sura mbili. Juu kuna ikulu ndogo, balozi, hoteli kubwa na miti ya kivuli. Chini, karibu na Barabara ya Kampala, ndipo lilipo soko. Ukisema mama yako yuko Nakasero, mtu aujuaye mji huwaza yale majumba ya juu. Mama hapandi huko ila Jumapili. Amepanga chumba kimoja Katwe, kusini ya mji. Huamka saa kumi alfajiri, akaenda kwa miguu pamoja na wanawake wawili majirani zake, maana nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ingemla chakula chake cha mchana.

Haraka hiyo ina sababu. Novemba na Desemba ni majira ya senene, na senene hawangoji mtu. Usiku wategaji wa upande wa Masaka huwasha taa kali zenye kuumiza macho, na kando yake husimamisha mabati yaliyoinamia mapipa. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, wakateleza hata ndani ya pipa. Kabla ya jua kuchomoza magunia yamekwisha fika Kampala. Senene wakikaa guniani hadi mchana hupata joto, hufa, wakaoza, na mtaji umekwenda nao. Basi anayetangulia huchagua gunia lililo hai, na anayechelewa hununua hasara.

Kuanzia saa moja mpaka saa sita ni kazi ya vidole. Kila senene hunyofolewa mbawa, miguu na papasio, mmoja mmoja, na vidole hupakwa majivu visiteleze. Nilijaribu asubuhi moja. Mama alijaza sufuria na mimi sikujaza bakuli. Wasionyofolewa huuzwa rahisi, walionyofolewa ni ghali, na waliokaangwa ni ghali zaidi. Kuwakaanga hakuhitaji mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe. Ni chumvi na vitunguu tu. Chakula cha mama mwenyewe ni chapati na maharage, ambacho vijana wa Kampala hukiita kikomando, naye hukila huku akipima vikombe vya wateja.

Jambo gumu kuliko kuamka mapema ni lugha. Kihaya na Kiganda ni ndugu, hata senene sisi na wao twawaita karibu jina moja, lakini ndugu si pacha. Akikosea neno moja, mwenye gunia humtambua kuwa mgeni na bei hupanda. Kiswahili nacho hakimsaidii sana. Serikali ya Uganda ilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, lakini wazee wengi bado hukihesabu kuwa lugha ya askari, kwa kumbukumbu za utawala wa Idi Amin wa miaka ya 1971 hadi 1979. Kwa hiyo mama hubishana bei kwa Kiganda, na hesabu huzipiga kimoyomoyo kwa Kihaya.

Saa moja jioni hurudi Katwe akazigawa pesa: za gunia la kesho, za chumba na chakula, na zangu. Hapa nawaomba wenzangu wasikilize vizuri. Elfu kumi za Uganda hazifiki elfu kumi za kwetu, hivyo kiasi kinachoonekana kikubwa sokoni hupungua kikivuka mpaka wa Mutukula. Tena majira yakiisha yeye huuza vitunguu, vyenye faida ndogo mno. Ada yangu yategemea zile wiki chache za senene. Vuli ya mwaka juzi senene walikuja haba, na ada ya muhula wa kwanza ilifika mwezi wa Juni.

Jumapili hafanyi kazi. Husali katika kanisa la Kristo Mfalme, kisha hupanda polepole mpaka Barabara ya Kagera, juu ya Nakasero, ulipo ubalozi wetu. Hana shida ya kuingia. Asema apenda kuiona bendera, na kusoma jina la mto wa nyumbani lililoandikwa kwenye kibao cha mtaa wa wageni.

Jioni hupiga simu ya matroni, kwa sababu sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu. Huniuliza habari za masomo, na mimi humwuliza kama senene wameingia. Hatuzungumzi zaidi ya dakika tano, kwa kuwa nyuma yangu wamepanga mstari wenzangu wenye wazazi Mwanza, Dar es Salaam na Kigali.