Tone la Damu Kavu na Mtetemo wa Molekuli

Mtoto wa Ngombezi, kata ya Korogwe inayojulikana kwa mkonge, anapopata homa, mhudumu wa afya humtoboa kidole na kupima tone la damu kwa kipimo cha haraka cha malaria au kwa hadubini. Watafiti wanachunguza iwapo tone kama hilo, likishakaushwa kwenye karatasi, laweza kupimwa kwa mionzi peke yake.

Msingi wa njia hiyo ni mtetemo. Atomu zilizoungana katika molekuli hazitulii. Huvutana na kupinda kama vitu vilivyofungwa kwenye springi. Kila aina ya muungano ina masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na hufyonza mionzi ya infraredi yenye masafa hayohayo. Kwa kuangalia mionzi iliyofyonzwa, hutambulika molekuli zilizopo. Elimu hii huitwa spektroskopia ya mitetemo.

Alama hizo husomeka vizuri zaidi katika fuwele sahili, kama za kaboni dioksidi iliyoganda, zikipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi karibu nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi hupunguza msukosuko wa molekuli. Alama zilizotanuka na kuingiliana huwa nyembamba na kutengana.

Damu ni mchanganyiko mkubwa zaidi, na maji yake hufyonza infraredi kwa wingi na kufunika alama nyingine. Ndiyo sababu tone hukaushwa. Kimelea cha malaria humeng'enya hemoglobini na kuacha fuwele za hemozoini. Mabadiliko ya kikemikali katika damu ya mgonjwa ndiyo ambayo kompyuta hufundishwa kuyatambua.

Mwaka 2019, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao walichapisha matokeo ya matone makavu 296 kutoka kusini-mashariki mwa Tanzania. Yalipolinganishwa na kipimo cha PCR, usahihi wa kutambua malaria ulikuwa takribani asilimia 92. Njia hiyo haihitaji vitendanishi, hivyo yaweza kufaa katika kupima watu wengi. Hata hivyo, kwa usahihi huo, takribani watu 8 kati ya 100 wangepewa jibu lisilo sahihi.

Kwa hiyo mzazi asisubiri mashine hiyo. Mtoto mwenye homa apelekwe kituoni ndani ya saa 24, naye mhudumu apime kwa njia zilizoidhinishwa kabla ya kutoa dawa.