Picha si lazima icheke: kuchora sura na watoto nyumbani

Wadau, Jumamosi nilimpa mtoto wa dada yangu (miaka sita) karatasi nikamwambia ajichore. Akaniletea kichwa cha duara, nukta mbili za macho na bonge la tabasamu. Sasa huyu dogo alikuwa kanuna tangu asubuhi, kaka yake kamvunjia gari lake la waya! Nikamuuliza, mbona hapa unacheka? Akanijibu, "Anko, si picha huwa inacheka?"

Nikaona kuna kazi hapa. Nikamshikisha kioo nikamwambia anune vilevile, halafu apapase uso wake kwa vidole: nyusi zimeshuka wapi, ndita zimekaaje, midomo imebana vipi. Ndiyo siri yenyewe, hasira inakaa kwenye nyusi na mdomo zaidi kuliko kwenye macho. Kisha achore akiangalia kioo zaidi kuliko karatasi. Mistari itapinda, iache ipinde.

Vifaa havina gharama. Kalenda ya mwaka jana, upande wa nyuma ni mweupe na mkubwa. Mkaa wa jikoni uliopoa kabisa, vipande vyembamba. Ukisugua kwa kidole unapata kivuli. (Nguo awe amevaa za kuchezea, la sivyo mama yake atawatafuta wote wawili.) Rangi achague mwenyewe. Akitaka uso wa kijani, sawa tu. Vincent van Gogh alijichora zaidi ya mara 30, maana hela ya kuwalipa watu wakae awachore hakuwa nayo, na baadhi ya sura hizo zina mistari ya kijani na chungwa. Hapa Bongo marehemu George Lilanga, aliyefariki 2005, watu wake wana masikio na midomo mikubwa ajabu na bado unawaona wana uhai.

Ila jamani, msimrekebishie mtoto kwa mkono wenu. Mimi nikiwa darasa la tatu mwalimu alifuta pua niliyochora akaweka yake, na darasa zima likacheka. Sikushika tena penseli ya kuchora mpaka juzi.

Dogo alimaliza na mdomo mweusi uliojaa meno. Nikamwambia anisimulie picha, nikanyamaza. Kumbe gari halikuwa tatizo. Alisema alipolia, hakuna aliyekuja.

Picha tumeibandika sebuleni. Kaka yake naye kaomba mkaa.