"Esukuru" si Kiingereza kilichovunjika

Pembeni mwa mji wa Kisii pana kilima cha Nyanchwa, chenye chuo cha ualimu cha Waadventista. Ukipita sehemu hizo utasikia shule ikiitwa "esukuru". Baadhi yetu watu wa pwani tukilisikia neno hilo hucheka, tukidhani Mgusii ameshindwa kutamka "school" ya Mwingereza. Je, ndivyo?

Sivyo. Kigusii, ambacho wenyewe hukiita Ekegusii, kina sheria zake. Hakina sauti ya "l", hakiziweki "s" na "k" bega kwa bega, na maneno yake huishia kwa irabu. Basi neno hilo la kigeni lilipobisha hodi lilitiwa "u" katikati na "u" mwishoni, "l" ikawa "r", na mbele likavishwa "e". Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Zanzibar nako husemwa "skuli", wala hapana anayeona haya; na "shule" yenyewe ilitoka kwa Wajerumani.

Tazama tena neno "kitabu". Waliosoma Kiarabu wajua kwamba asili yake ni "kitab", na wingi wake ni "kutub". Ile "ki" ni sehemu ya neno lenyewe, si kiambishi. Lakini Waswahili walipoisikia waliliweka neno hilo pamoja na kiti na kisu, na wingi ukawa "vitabu". Wagusii nao wana "egetabu", na wingi wake ni "ebitabu". Mwarabu akitaka kucheka, atatucheka sote pamoja.

Mambo hayo hayakwisha zamani. Huko Tanzania mzunguko wa barabarani huitwa "kiplefti", kutokana na maneno ya Kiingereza "keep left" yanayomwamuru dereva ashike kushoto. Vikiwa vingi ni "viplefti".

Wala Mwingereza hakusalimika. "Safari" alilichukua kwetu, nasi tulilipata kwa Waarabu. Naye akitaka wingi hulitia "s" yake, akasema "safaris". Hapana Mswahili aliyemwambia kwamba amelivunja.

Naam, mtoto anapojifunza Kiingereza, na afunzwe kukitamka kama wenyewe watamkavyo. Huo ni wajibu wa mwalimu. Lakini anaposema lugha ya mama yake, "esukuru" si Kiingereza tena. Ni Kigusii safi. Kumcheka hapo ni kumfundisha kuionea haya lugha ya nyumbani kwao, na mtoto aliyechekwa huacha kuuliza maana ya maneno. Asiyeuliza hajifunzi Kiingereza wala Kigusii.

Wahenga walisema, nyani haoni kundule. Tukitaka kumcheka Mgusii, kwanza tuvihesabu "vitabu" vyetu.