Mchagua Upinde Ndiye Mwindaji

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walikusudia kwamba mkulima wa kweli hulima kwa jembe lolote alilonalo, na yule anayesimama kuchagua anatafuta tu sababu ya kutokwenda shambani. Methali hiyo ina haki yake, lakini juma hili naomba tuiweke kando kidogo, kwa sababu ya barua niliyoletewa.

Barua hiyo inatoka kwa msikilizaji wetu wa siku nyingi, mwenyeji wa Tanga, ambaye sasa anafanya kazi katika jimbo la Michigan, huko Marekani. Anasema kila ifikapo Oktoba mosi, siku ambayo msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa katika jimbo hilo, wenzake wengi kazini huomba likizo. Mwaka huu wamemwalika naye. Mmoja wao anataka kumuuzia upinde wake wa zamani, wenye nguvu ya ratili 70 na urefu wa kuvuta wa inchi 30. Alipouliza kama hakuna ulio mwepesi zaidi, walimcheka, wakasema ratili 50 ni za watoto. Sasa anauliza: je, anunue?

Namjibu hapa hadharani, maana swali lake lina mafunzo hata kwa sisi tusiowinda. Na kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba haya si mwaliko wa kuingia porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hapa kwetu Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa la jinai. Huko Michigan nako kuna leseni, na mtu aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hutakiwa kwanza kupita mafunzo ya usalama wa uwindaji. Ndugu yetu na aanzie hapo.

Tuutazame sasa upinde wenyewe. Huu si upinde wa mti mmoja na upote mmoja kama tunaoujua. Ni upinde wa kapi. Aliyeubuni ni Mmarekani wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, ambaye aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Katika kila ncha ya upinde aliweka gurudumu, mfano wa kapi la kupandishia tanga, lakini tundu lake la katikati alilitoboa pembeni. Matokeo yake ni ya ajabu. Upinde wa kawaida, kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Upinde wa kapi huwa mzito katikati ya safari, kisha magurudumu yakizunguka, uzito huanguka ghafla. Kwa mapinde mengi ya siku hizi huanguka kwa asilimia 75 hadi 85. Kwa hiyo mtu aliyevuta ratili 60, yaani kama kilo 27, akifika mwisho hubaki ameshikilia ratili 12 tu, pengine na pungufu. Hapo anaweza kutulia, akapumua, akalenga.

Kutokana na ubunifu huo yanafuata mambo mawili, na yote mawili yanamhusu ndugu yetu.

La kwanza ni urefu wa kuvuta. Upinde wa mti unaweza kuuvuta nusu au kuuvuta sana, upendavyo. Wa kapi una mwisho wake, kama ukuta. Mwisho huo ukiwa mbali kuliko mkono wako, utajinyoosha mpaka bega litoke mahali pake, kichwa kitaegemea nyuma, na upote ukiachiwa utakuchapa mkono. Namna ya kujua kipimo chako ni rahisi, na wazee wetu wa pwani waliijua kabla ya tepu kuletwa. Simama, nyosha mikono yote miwili, upimwe toka ncha ya kidole kirefu hadi ncha ya kidole kirefu. Hiyo ndiyo pima, ile ile ya wavuvi na wauza kamba. Hesabu inchi zake, ugawanye kwa mbili na nusu. Ndugu yetu ameniandikia kwamba pima yake ni inchi 67 na nusu. Basi urefu wake wa kuvuta ni kama inchi 27. Upinde anaouziwa ni wa inchi 30, wa mtu mrefu kumpita kwa mbali. Mapinde mengine hurekebishika na mengine hayarekebishiki bila kubadilisha vipuri. Kama huo haushuki hadi 27, hata akipewa bure asiuchukue. Mtu hujikuna ajipatapo.

La pili ni nguvu. Hapa ndipo kiburi kinapowaingia wanaume. Kipimo cha dukani si kipimo cha porini, kwa sababu dukani una joto, umesimama na umevaa shati. Porini, mwezi wa Novemba huko Michigan, umeketi juu ya mti kwa saa tatu, vidole vimekufa ganzi, umevaa makoti mawili, na kulungu yuko hatua ishirini akitazama kila kinachotikisika. Kwa hiyo jaribio ni hili: keti kitini, inua miguu kidogo, elekeza upinde kwenye shabaha, kisha uvute moja kwa moja bila kuuinua mbinguni. Ukilazimika kuuinua na kuuyumbisha ndipo uvutike, upinde huo umekuzidi. Punguza ratili tano, ujaribu tena. Majimbo kadhaa ya Marekani yameweka kiwango cha chini cha nguvu, na kwa kulungu viwango hivyo huwa baina ya ratili 30 na 40. Basi 50 za mtu anayezimudu si za watoto hata kidogo.

Mtu atauliza: mbona wawindaji wa kwetu walisifiwa kwa mapinde mazito? Ni kweli. Wawaata wa Kenya, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, walijulikana kwa mapinde ambayo mgeni hakuweza kuyavuta, na kwayo waliwinda hata tembo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao mpaka leo hujitengenezea mapinde yao wenyewe. Lakini tukumbuke kwamba kwa wanyama wakubwa, hao wote walipaka chembe za mishale yao sumu ya mimea. Mshale ulipeleka sumu, na sumu ndiyo iliyoua. Huko Marekani sumu imekatazwa karibu kila mahali. Mshale wa huko huua kwa makali peke yake, kwa kukata mapafu na mishipa ya damu. Ukipita mahali pake, mnyama huanguka baada ya sekunde chache. Ukipita shubiri moja nyuma, ukaingia tumboni, atakimbia, atajificha kichakani na kufa baada ya saa nyingi za mateso, wala huenda usimwone tena. Hakuna sumu ya kukusahihishia shabaha.

Hiyo ndiyo sababu, ndugu msikilizaji, ya mimi kusema kwamba huku kuchagua si ubishoo. Upinde usiokutosha hukufanya ulenge vibaya, na anayelipa si wewe uliyelenga.

Kuna na jambo la mwendo wa mshale, ambalo wenye maduka hulipigia debe sana. Takwimu zinazoandikwa kwenye matangazo, futi 330 kwa sekunde na zaidi, kwa kawaida hupimwa kwa ratili 70, urefu wa inchi 30 na mshale mwepesi sana. Mtu wa ratili 50 na inchi 27, mwenye mshale wa kuwindia, hatazipata. Tena si lazima azipate. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na mshale wake labda mita 75. Kulungu akiwa mita 25, mlio wa upinde utamfikia kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mshale utachukua theluthi nzima ya sekunde. Katika mwanya huo mnyama mwenye hofu huinama ili aruke, na mshale ukapita juu ya mgongo wake. Hakuna upinde unaoishinda sauti. Basi heri ununue ulio kimya kuliko ulio mkali, na usogee karibu.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Ajue jicho lake lenye nguvu ni la kulia au la kushoto, maana upinde hutengenezwa kwa upande mmoja. Upinde mfupi hupita vizuri kwenye matawi, lakini ulio mrefu kidogo hutulia zaidi mkononi mwa mwanafunzi. Akinunua wa mtumba, autazame kama una ufa kwenye vipande vinavyopinda, na kama upote umeanza kuchanika nyuzi. Mshale usiwe mwepesi kupita kiasi kilichowekwa na mtengenezaji. Na asiachie upote kamwe bila mshale, hata kwa mzaha, kwani nguvu yote hurudi kwenye upinde wenyewe na unaweza kupasuka usoni pake.

Jibu langu kwa ndugu yetu, basi, ni hili. Asinunue upinde wa rafiki yake. Aende kwenye duka lenye uwanja wa kulengea shabaha, apimwe, atafute unaoshuka hadi inchi 27 na unaoweza kuongezwa nguvu kidogo kidogo kuanzia ratili 40 au 45. Kisha apige mishale kila siku, michache lakini kwa utulivu, mpaka ajue ni kwa umbali gani mishale yake yote huingia katika duara la upana wa sahani ya chai. Umbali huo, hata kama ni hatua kumi na tano, ndio mpaka wake. Kulungu akisimama hatua kumi na sita, amwache aende zake.

Na hao wenzake wakiendelea kumcheka, awaombe wakae kitini, wainue miguu, wavute hizo ratili 70 polepole. Kisha aniandikie barua nyingine, anieleze walioweza walikuwa wangapi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.